Kizuizi cha Birkat al-Mauz

Shinuna kaja kutoka Bahraini na sanduku dogo.
Ananiambia: nitembeze, nionyeshe nchi yako.
Nikasema haya. Nikajaza chupa ya chai,
mkate wa kumimina nikaufunga kwa gazeti,
Muhanna mwanangu akatutangulia garini.

Njiani kashika orodha yake:
ngome ya Nizwa, kasa wa Ras al-Hadd,
Salala, mwezi wa saba, milima ikivaa kijani.
Hayo ya picha, dada. Picha zipo madukani.

Mimi napenda soko la Jumatano, pale pale Ibra,
wanawake tu, muuzaji na mnunuzi,
na bibi mmoja apimaye zafarani kwa mizani ya sonara,
ulimi wake umeishinda pilipili anayoiuza.
Mwaka wa kwanza aliniita "yule wa Zinjibari".
Baadaye sana, "mama wa Muhanna".
Siku hizi hanisalimu hata:
"Umechelewa! Ndimu kavu zimekwisha!"
Kufokewa hivyo, Shinuna,
hakuuzwi, na mgeni hapewi.

Napenda na falaji nyuma ya nyumba,
maji yanayogawiwa kwa saa na kwa majina.
Yetu nusu saa, usiku wa kuamkia Jumatatu.
Hilali, Mungu amrehemu,
aliinunua nusu saa ile kabla hatujanunua kitanda.
Nimelala namsikia jirani akitoa jiwe na tambara,
maji yanasita kidogo, kama mtu anayetafuta mlango,
kisha yanapinda
kuifuata mitende yetu mitatu.

Nilikuja na miaka tisa.
Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni:
nilijua kuomba rehema,
sikujua kuomba chumvi.
Watoto wa mtaa walicheka mpaka wakakaa chini.
Mama akanambia, cheka nao.
Nikacheka. Usiku nikalia kwa Kiswahili.

Basi tukapita Sinau, tukapita Izki,
tukafika Birkat al-Mauz, mguuni pa mlima.
Birika la ndizi, ukitaka kulifasiri;
mimi nimeacha kufasiri.
Hapo pana kizuizi. Askari akainua mkono,
kijana, masharubu hayajaamua kuota.

Nami, mazoea mabaya, nikaishika kadi yangu mkobani,
kiganja kikilowa.
Jawabu nimelibeba miaka hamsini, limekaa tayari:
baba wa Ibra, babu wa Ibra, kaburi la babu lipo,
nimezaliwa Chake Chake, ndiyo,
lakini babu, baba, kaburi...

Kijana akainama. Akatazama matairi.
"Magurudumu yote manne yanavuta?"
"Yanavuta," alisema Muhanna.
"Taratibu juu huko. Kuna mbuzi barabarani."
Akatupungia. Ndiyo basi.

Jawabu langu likabaki mdomoni
kama kokwa ya tende, sioni pa kuitemea.

Tukapanda. Masikio yakaziba, yakazibuka.
Al-Aqr ilikuwa mwezi wa nne, waridi limechanua,
wanaume wanalichuma mapema, jua halijalikausha,
wanalitia kwenye nguo walizojifunga kiunoni.
Baridi ikatutoa machozi. Shinuna akapiga picha,
akapiga na mbuzi, akanipiga na mimi
nimejaza mkate mdomoni.

"Haya," akasema, "sasa niambie kweli.
Kote huko ulikonipitisha,
pahala penyewe unapopapenda ni wapi?"

Nikamimina chai iliyobaki, nusu kikombe,
nikampa yeye.

"Tumeshapapita," nikamwambia.
"Ulikuwa unatazama simu.
Tulia, tutapaona tena tukishuka."